Nionyesheni Daftari

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kuta zilibandikwa trei za mayai tangu sakafuni hadi darini, na pale trei zilipoishia yalitundikwa mablanketi mawili ya bweni. Mezani palikuwa na kompyuta mpakato iliyopasuka kioo pembeni, kipaza sauti kimoja kilichovalishwa soksi, na chupa ya chai, maana Julai ya Mbeya haikaliki bila chai. Humo vijana watatu walipokezana usiku na mchana. Wawili walisoma pamoja Iyunga. Wa tatu alikuwa binti wa Tukuyu, mwenye sauti ambayo ukiisikia saa nane za usiku unadhani umeamshwa na dada yako. Redio yao haikuwa na mnara wala masafa. Ilisikika mtandaoni tu. Jina lake nalihifadhi, na majina yao pia, kwa kuwa bado wapo mjini wanatafuta maisha.

Mimi nilikuwa nikiingia mle kama mwenyeji. Niliwazidi umri, nilikuwa nimeandika magazetini kwa miaka, nao waliniita anko. Wiki ya kwanza ya redio hiyo, katikati ya 2017, mmoja wao aliniuliza, "Anko, hizi nyimbo tunapiga tu, au kuna mahali pa kulipia?"

Nikamjibu hata kikombe sijakiweka chini. "Pigeni. Mwanamuziki anataka nini zaidi ya kusikika? Mnamtangaza bure."

Makala haya nayaandika kwa sababu ya jibu hilo. Sikuwa najua nilichokuwa nakisema, ila nilikisema kwa sauti ya mtu anayejua, na vijana wakalishika kama neno la mkubwa.

Redio ilikua haraka kuliko walivyotarajia. Kilichoikuza ni kipindi cha salamu cha usiku, kile kile tulichokua nacho enzi za kadi za salamu, safari hii kikiletwa kwa ujumbe wa simu. Mtu wa Kyela akimsalimu shemeji yake aliyeko Muscat, mwanafunzi wa Iringa akimsalimu mama yake Mbarali, dereva wa lori aliyelala Tunduma akiwasalimu wenzake waliokwama mlima Kitonga. Watu wetu walioko ughaibuni waliipenda kuliko sisi tuliokuwa nyumbani. Walioko Marekani walifungua redio ile jioni zao, ambazo kwetu ni alfajiri, na ndiyo maana kipindi cha alfajiri kikawa na wasikilizaji wengi kuliko cha mchana.

Na alfajiri ile ilikuwa na wimbo wake. Kila siku saa kumi na mbili kamili ulipigwa wimbo mmoja wa gitaa kavu, wenye kiitikio cha Kihehe, ulioimbwa na wanaume wawili waliopishana sauti kama watu wanaotembea njia moja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Vijana waliupata kwenye flashi kutoka duka moja la Miyomboni, Iringa, lililokuwa likihamisha kanda za kaseti kuwa faili. Faili lilikuwa na namba tu. Jina la mwimbaji hapakuwa nalo, wala hakuna aliyelitafuta. Ukawa wimbo wa redio. Watu walianza kuuita hivyo hivyo, wimbo wa ile redio.

Wenye maduka wakaja. Duka la vipuri kwanza, kisha saluni, kisha muuza mbegu za viazi wa Uyole, kisha wakala mmoja wa tiketi za mabasi. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya kweli, ya kushikwa mkononi. Wakanunua kipaza sauti cha pili. Wakachapisha fulana. Wakatengeneza bango. Kilichobaki waligawana, na sisi sote mle chumbani tulikiita faida.

Mzee alifika Februari, siku ya mvua. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka Iringa, akashuka stendi akiwa na mfuko wa plastiki na mwavuli, akauliza hadi akafikishwa. Binti wa Tukuyu alimfungulia mlango, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo redio ilipo?"

Alikaribishwa kiti, akapewa chai. Alikunywa yote kwanza. Kisha akaeleza kwamba anaishi Kihesa, kwamba mjukuu wake anasoma Dodoma, na kwamba mjukuu huyo alimpigia simu akamwambia, babu, hebu sikiliza, akaweka simu mbili mdomo kwa mdomo. Alichosikia ni sauti yake mwenyewe. Alikuwa ameurekodi wimbo ule miaka ya tisini, yeye na mwenzake, kwa fedha walizochanga wenyewe, wakatoa kanda wakaziuza mikononi minadani na kwenye mikutano ya kanisa.

Vijana walifurahi kupita kiasi. Mmoja alikimbilia simu ampige picha. Mzee akamzuia kwa mkono, polepole, bila ukali.

"Sijaja kudai," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Mmeupiga mara ngapi?"

"Kila siku, mzee. Saa kumi na mbili asubuhi, haujakosa hata siku moja."

"Mmeandika wapi?"

Tukatazamana.

"Mimi nimekuwa karani wa ushirika wa pareto miaka kumi na saba," mzee akaendelea. "Mkulima analeta maua, tunapima, tunaandika, anaondoka na karatasi yake. Mzigo unakwenda kiwandani Mafinga. Fedha inaweza kuchelewa, hata mwaka, lakini daftari lipo. Kama haikuandikwa, haikuletwa. Nionyesheni daftari."

Daftari halikuwepo. Programu ya kompyuta ilikuwa ikichagua nyimbo yenyewe usiku kucha na haikuwekwa kutunza kumbukumbu. Nyimbo elfu kadhaa, za Rayvanny na za kwaya za Rungwe, za Kongo na za Zambia, zilikuwa zimepita pale miezi saba bila kuacha alama. Mzee hakusema neno jingine la lawama. Aliomba aelekezwe choo, akarudi, akaaga. Nilimsindikiza hadi stendi. Njiani aliniuliza kama zile trei za mayai zinasaidia kweli.

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na aibu ikanifanya nisome. Nilichokisoma nilipaswa kukijua kabla sijafungua mdomo mwaka uliotangulia.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya 1999. Haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Neno hakishiriki limo kwenye jina la sheria kwa sababu maalumu: wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja. Yupo aliyetunga, yupo aliyeimba na kupiga, yupo aliyegharimia rekodi. Ukiurusha hewani, iwe kwa mnara au kwa mtandao, umetumia mali ya watu hao wote, na malipo yao ndiyo mrabaha. Kumtangaza mtu si kumlipa. Mkulima wa viazi wa Uyole hatoi gunia kwa sababu muuzaji wa chipsi amelisifia.

Jambo la pili lilinishtua zaidi, maana lilihusu hesabu. Redio ya mnara ikishawasha mtambo, haijali kama wanaoisikiliza ni kumi au elfu kumi. Umeme ni ule ule. Redio ya mtandaoni kila msikilizaji anavutiwa uzi wake. Sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 29 kwa saa kwa mtu mmoja. Upande wa msikilizaji hilo ni bando lake, na gigabaiti moja inampa saa kama 35. Upande wa redio, watu mia moja wakisikiliza kutwa na kucha, seva imetoa takribani gigabaiti 69 kwa siku, na seva hiyo ina mwenyewe na ina bei. Kila anayekupenda anakuongezea gharama. Kule Marekani mrabaha nao ukapangwa kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kila wimbo, kwa kila sikio.

Habari ya Marekani inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wao walitutangulia kuingia shimoni. Sheria yao ya 1998 iliipa redio ya mtandaoni ruhusa ya jumla ya kupiga rekodi, kwa sharti la kuwalipa wanamuziki na wenye rekodi kiwango kitakachopangwa. Redio za mnara za nchi ile ile hazidaiwi malipo hayo hadi leo. Zenyewe huwalipa watunzi tu. Kiwango kilichelewa. Redio za vyumbani, za wanafunzi, za wapenzi wa muziki wa zamani, zikaota kama uyoga huku mita ikihesabu kimya kimya. Februari 2002 jopo la usuluhishi likapendekeza senti 0.14 ya dola kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji wa redio iliyo mtandaoni pekee. Makelele yakawa makubwa, na tarehe 20 Juni mwaka huo James Billington, mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, akapunguza hadi senti 0.07. Akaacha jambo moja palepale: deni linaanza Oktoba 1998.

Senti 0.07 inasikika kama si kitu. Chukua redio yenye wasikilizaji mia moja, nyimbo 15 kwa saa, saa 24. Hizo ni hesabu 36,000 kwa siku. Kwa senti 0.07 inakuwa dola 25.20 kwa siku, karibu dola 9,200 kwa mwaka, na deni ni la karibu miaka minne nyuma. Anayeendesha redio hiyo ni mwalimu wa shule, anaiendesha jioni chumbani kwake, na haina tangazo hata moja. Wengi walizima. Hawakuwa wezi, wala hawakukataa kulipa. Walikuwa wamealika watu karamuni bila kujua kwamba kila sahani inaandikwa mahali.

Mwezi Desemba 2002 ikatungwa sheria ya kuwanusuru wadogo. Machi 2007 bodi inayopanga mirabaha ikaja na viwango vipya vya kupanda kila mwaka, kutoka senti 0.08 kwa 2006 hadi senti 0.19 kwa 2010, na kima cha chini cha dola 500 kwa kila chaneli. Tarehe 26 Juni 2007 redio nyingi za mtandaoni za nchi ile zilikaa kimya kutwa nzima kuonyesha hali itakavyokuwa bila redio hizo. Mwaka huo huo kampuni ya Pandora iliwafungia mlango wasikilizaji wa nje ya Marekani karibu wote, kwa kuwa haikuwa na leseni za huko. Mwaka 2009 yakapatikana makubaliano kwamba redio ndogo zilipe asilimia ya mapato yao badala ya kuhesabiwa masikio. Hapo wadogo wakapumua. Makubaliano hayo yalikoma mwisho wa 2015, kiwango kipya cha 2016 kikawa senti 0.17 bila nafuu ile kwa wadogo wa biashara, na tarehe 31 Januari 2016 Live365, iliyokuwa imebeba maelfu ya redio ndogo mgongoni mwake, ikazimika. Ilifufuka mwaka uliofuata chini ya mmiliki mwingine, lakini redio nyingi zilizokufa nayo hazikurudi.

Ninawatetea wanamuziki katika jambo hili, na nitaendelea kuwatetea. Lakini kiwango kinachohesabu masikio bila kutazama mfuko kinamnyima pia mwanamuziki, maana redio iliyokufa hailipi mrabaha. Asilimia ya mapato ndiyo njia ya haki kwa redio changa. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na historia ya miaka ile inaiunga mkono.

Turudi Mwanjelwa. Barua ilifika Machi 2018. Kampuni ya nje iliyokuwa ikiwakodishia vijana seva iliandika kwamba sehemu kubwa ya wasikilizaji wao wako Marekani, na kwamba haijaona ushahidi wa leseni yoyote ya muziki. Iliwapa siku saba. Binti wa Tukuyu alinisomea barua ile mara mbili kwa sauti yake ile ile ya usiku, kisha akaniuliza nini kifanyike. Nilichukua kitabu cha risiti cha duka la vipuri nikapiga hesabu nyuma yake. Wasikilizaji 40 walioko Marekani, saa sita kwa siku, nyimbo 15 kwa saa: hesabu 3,600. Kwa senti 0.18, kiwango cha mwaka ule, dola 6.48 kwa siku. Kwa mwezi, dola 194. Kwa dola ya wakati ule, zaidi ya shilingi 430,000 kila mwezi, na hapo hujamgusa msikilizaji hata mmoja wa nchi nyingine. Mwezi wao mzuri kuliko yote matangazo hayakuleta nusu ya fedha hiyo.

Wakawafungia mlango watu wa Marekani. Hapakuwa na njia nyingine. Kipindi cha alfajiri kikapoteza nusu ya watu wake, salamu zikapungua, na wakala wa mabasi, ambaye wateja wake wakubwa walikuwa ndugu wa ughaibuni wanaowakatia wazee tiketi, akaaga. Huko Uingereza mlango wa namna hiyo ulikuja kufungwa na mahakama. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba TuneIn, programu inayokusanya redio za dunia nzima, ilikosea kuwapa Waingereza redio za nje zisizo na leseni ya Uingereza. Mwaka uliofuata programu hiyo ikaziondoa redio za nje kwa wasikilizaji wa nchi hiyo, na Machi 2021 Mahakama ya Rufani ikakazia sehemu kubwa ya uamuzi ule. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ana mipaka kila nchi. Mtandao hauvuki mipaka hiyo kwa sababu tu waya unafika.

Wakati vijana wakihangaika na barua ile, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilitangazwa Machi ile ile ya 2018. Redio za mtandaoni zikatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, 1,000,000 ya mwaka. Asiye nayo alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Mei mahakama huko Mtwara ilisimamisha utekelezaji kwa muda, kisha zuio likaondolewa, na Juni ikatoka amri kwamba asiyesajiliwa awe amepata leseni kabla ya tarehe 15. Ada ile baadaye ilishushwa hadi 500,000. Kwa vijana wa Mwanjelwa nafuu ilichelewa.

Usiku wa Juni 14 nilikuwa nao. Walifungua boksi la fedha, likatoka shilingi elfu tisini na kitu, na risiti ya fulana. Nilikumbuka zile jioni tulizogawana na kuita faida. Sehemu ya fedha ile ilikuwa ya mzee wa Kihesa na mwenzake, sehemu ilikuwa ya kwaya, sehemu ilikuwa ya akina Sugu na Rayvanny, watoto wa Mbeya hii hii. Ingewekwa kando tangu mwezi wa kwanza, hata kidogo kidogo, tungekuwa na cha kuanzia mazungumzo na kila mdai. Na tungekuwa na daftari, tungeweza kusema tumepiga nini, mara ngapi, kwa watu wangapi, tukaomba kulipa kwa uwezo wetu. Mwenye daftari husikilizwa hata kama mfuko ni mtupu. Sisi tulikuwa na trei za mayai.

Saa sita usiku binti wa Tukuyu alisoma salamu za mwisho, akazitaja zote hadi ya mwisho, akazima. Hawakusubiri alfajiri. Ule wimbo haukupigwa.

Nilimpigia mzee simu siku mbili baadaye nikimwambia redio imefungwa. Nilitegemea atasema waliyataka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa nani ataupiga?"

Swali hilo wanasheria wa pande zote mbili hawaliulizi. Mzee hakutaka redio ife. Alitaka iandike. Kwake yeye redio na wimbo vilikuwa kama mkulima na ushirika: mmoja akianguka, mwingine hana pa kupeleka mzigo.

Mambo yamesogea tangu hapo. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi yetu, iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya utangazaji, zaidi ya shilingi milioni 300, kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Wapo waliobeza kwamba waliopata walipata kidogo. Mimi nilitazama waliokosa. Mgawo wa namna hiyo hutegemea kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa, na msanii wa gitaa kavu wa Kihesa, ambaye jina lake halimo kwenye faili wala kwenye kumbukumbu ya redio yoyote, hawezi kutokea kwenye orodha hata mgawo ungekuwa bilioni. Mwaka ule ule sheria ikabadilishwa. COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, msimamizi, na kazi ya kukusanya na kugawa ikaachwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe. Upande wa muziki ipo TAMRISO. Hiyo ni hatua nzuri, maana mkusanyaji na mwamuzi hawafai kuwa mtu mmoja.

Kwa taasisi hizo nina ombi, na naliomba kwa dhati. Redio ya mtandaoni inayoendeshwa na vijana watatu nyuma ya duka isipimwe kwa mizani ya kituo chenye mnara na wadhamini wa kampuni za simu. Ipimwe kwa asilimia ya kile inachoingiza, na kiwango kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, kitangazwe, kijulikane kabla kijana hajanunua kipaza sauti. Deni la kushtukizwa, linaloanza miaka minne nyuma, ndilo lililoua wengi Marekani. Na pokeeni orodha ya nyimbo kwa simu. Kijana anayejua kutuma salamu kwa ujumbe anajua pia kutuma jina la wimbo, mwimbaji, tarehe na saa.

Na wewe unayebandika trei za mayai sasa hivi, uwe Mwanjelwa, Ipogolo au Makambako, usimsikilize anko yeyote anayekujibu kabla hajaweka kikombe chini. Nunua daftari kwanza. Mstari mmoja kwa wimbo mmoja. Jina usilolijua litafute. Nenda Miyomboni ukaulize. Hesabu wasikilizaji wako kila juma na ujue kila mmoja anakugharimu kiasi gani kabla hujamwita mwingine. Fedha ya kwanza ya tangazo ikigusa mkono wako, toa fungu la nyimbo kabla ya fungu la fulana. Nenda ofisini kwa wanaokusanya mirabaha ukiwa na daftari kwapani, uulize unadaiwa nini, usisubiri waje.

Kati ya wale watatu, mmoja sasa yuko kwenye kituo kimoja cha FM Iringa, na kazi yake ni kutunza kumbukumbu za nyimbo. Binti wa Tukuyu ana duka la vifaa vya simu na hataki kuzungumzia redio. Wa tatu alikwenda Zambia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kihesa na fomu za kusajili kazi za mzee. Tuliandika nyimbo tisa. Mbili alizikumbuka kwa kuziimba, akipiga kiti kwa vidole. Fomu hazijapelekwa. Zipo juu ya kabati lake, zinangoja saini ya mwenzake wa sauti ya pili, ambaye alihamia Makambako na amebadilisha namba ya simu.